Barua za wasomaji: Marekani ya wakati ya jazz, nani alipiga na nani alikaa kwenye meza

Yambo wasomaji. Mara hii barua nyingi zimeingia juu ya Marekani ya miaka ya 1920, wakati ya jazz, na nimefurahi sana juu ni mambo ninayoyapenda toka zamani. Wengi mumeona filamu zenye magari meusi, wanawake wenye manyoya kichwani, wanaume na kofia na bunduki, na munauliza kama maisha yalikuwa vile kweli. Barua nimezipunguza kidogo ili zote zipate nafasi.

Mwanafunzi, Ruashi: *Yaya, yambo sana. Mwalimu alitwambia sema miaka ya 1920 Wamarekani bote balikuwa na feza, ni kucheza na kunywa tu. Ni kweli? Na kama ni kweli, njo juu ya nini 1929 mambo yaliharibika?*

Mudogo wangu, feza ilikuwepo, tena nyingi, lakini haikulala kwa kila nyumba. Mu mji mambo yalibadilika mbio sana. Angalia gari ya Ford Model T: ilipoanza kuuzwa 1908 bei ilikuwa zaidi ya dola 800, katikati ya miaka ya 1920 ilishuka chini ya dola 300, juu kiwandani walianza kutengeneza gari kwenye mkanda unaotembea, kila mutu anafunga kitu kimoja tu kutwa nzima. Kwa hiyo hata fundi wa kawaida aliweza kupata gari. Redio nayo: Novemba 1920 kituo cha KDKA cha Pittsburgh kilitangaza matokeo ya uchaguzi wa rais, na miaka michache nyuma ya pale watu wamekaa sebuleni wanasikiliza orkestra inayopiga mji wa mbali. Gari, redio, frigo, vyote unaweza kuchukua kwa deni, unalipa kila mwezi kidogo kidogo.

Sasa toka nje ya mji. Wakulima bei za mazao ziliwaangukia mara tu vita ya kwanza ya dunia ilipoisha, na miaka yote ile ambayo filamu zinaonyesha shampanye, wao walikuwa wanapoteza mashamba. Mpaka 1930 mashamba yaliyokuwa na umeme yalikuwa karibu moja kwa kumi tu. Na kule mu mji watu walikuwa wananunua hisa za makampuni kwa feza ya kukopa, unatoa sehemu ndogo na dalali anakujazia, bei ikipanda unacheka, bei ikishuka anataka feza yake leo leo. Tarehe 24 na 29 Oktoba 1929 bei zilishuka kwa kishindo na kila dalali akataka feza yake. Mashamba yaliyokwisha kuharibika, mishahara ambayo haikupanda sawa na vitu vilivyotoka kiwandani, benki zenye madeni, yote yalikuwa yameshakaa pale, yale ya Oktoba yaliyafunua.

Papa mpiga gita, Kamalondo: *Mimi nimepiga muziki toka ujana. Bale ba zamani balitwambia jazz ilitoka kwetu Congo, Bamarekani banajua na banaficha. Utupe ukweli.*

Papa, swali yako ndiyo ilinifanya nipange ukurasa mzima. Ukweli uko, na unahitaji kusemwa polepole.

New Orleans, mji wa kusini karibu na mdomo wa mto Mississippi, iko kiwanja kinaitwa Congo Square mpaka leo. Wakati ya utumwa, mwaka 1817, wakubwa wa mji walitoa amri kwamba watumwa wakusanyike siku ya Jumapili mahali pamoja tu, na mahali hapo ikawa kile kiwanja. Kila Jumapili watu waliotolewa Afrika, na watoto wao, walikuja pale kupiga ngoma, kuimba, kucheza kwa duara, kuuziana vitu vidogo. Wengine mizizi yao ilikuwa Senegambia, wengine walipitia Haiti, na wengi walitoka mu inchi za Wakongo, pande za mdomo wa mto wetu. Kwa hiyo ndiyo, damu yetu imo mule. Hata banjo, ile Wamarekani wengi walidhani ni ya wazungu wa milimani, ni mtoto wa vyombo vya Afrika vya kibuyu na ngozi. Ukiona vijana wa hapa Lubumbashi na karindula, lile dumu kubwa lililofunikwa ngozi ya mbuzi, unaona jamaa ya banjo amesimama mbele yako.

Lakini papa, kusema "jazz ilitoka Congo" halafu kufunga mulango, hapana, tutawanyima haki wale walioifanya. Nyuma ya utumwa kuisha, New Orleans ilijaa fanfare, bendi za tarumbeta na tromboni na ngoma, weusi maskini na Wakreoli, watu wa damu ya mchanganyiko, waliosoma nota wakakutana mule ndani, huyu anajua kusoma, yule anajua kulia na chombo. Blues, nyimbo za huzuni za weusi wa kusini, ikaingia, nyimbo za kanisa zikaingia, ragtime ya piano ikaingia. Buddy Bolden, mpiga korneti (jamaa fupi ya tarumbeta), alikuwa anajaza viwanja mwanzoni mwa karne, na hakuna santuri hata moja ya sauti yake iliyobaki.

Na mazishi! Hii nataka muione vizuri juu sisi tunajua maana ya kilio chenye watu. Bendi inaenda makaburini polepole, nyimbo za dini, mpiga ngoma amechukua kitambaa ameziba nyaya za chini ya ngoma yake ili sauti iwe nzito kama mtu anayelia kifuani. Mwili ukishazikwa, bendi inasogea mbali kidogo na kaburi, kitambaa kinatolewa, ngoma inapigwa kavu, na sasa nyimbo zinakuwa za mbio, watu wa njiani wanafuata nyuma na miavuli na vitambaa wanacheza mpaka mjini. Louis Armstrong, mpiga tarumbeta na mwimbaji, aliyezaliwa mji ule ule 1901, alikulia nyuma ya bendi za namna hiyo.

Kitu kimoja kinachoniuma mpaka leo: santuri ya kwanza ya jazz, Februari 1917, ilitolewa na bendi ya wazungu watupu, Original Dixieland Jass Band, na ikauzika sana, inchi nzima ikajua jazz kwa sura yao. King Oliver, bwana wa wapiga korneti wote wa New Orleans, alingoja mpaka Aprili 1923 kuingia studio, kule Richmond, Indiana, na Armstrong kijana nyuma yake. Wanasema sauti ya korneti ya Armstrong ilikuwa kali mpaka wakamusimamisha mbali na pembe ya kurekodia, asije akawafunika wengine.

Mama, Katuba: *Mwanangu ananionyesha picha za Harlem, watu weusi wamevaa suti na kofia nzuri, orkestra kubwa. Nauliza, wale walikuwa huru? Maana mimi najua habari za Martin Luther King, na yule alikuja nyuma.*

Mama, umegusa pale pale. Picha ni za kweli, suti ni za kweli, na uhuru ulikuwa na mipaka unayoweza kuihesabu kwa milango.

Tuanze na treni. Toka miaka ya vita ya kwanza mpaka 1940, watu weusi karibu milioni moja na nusu walitoka kusini kwenda miji ya kaskazini, Chicago, Detroit, Pittsburgh, New York. Kusini walikuwa wanalima pamba kwenye shamba la mwingine na kila mwisho wa mwaka hesabu inasema bado wana deni, wadudu wakaja kula pamba yenyewe, na mutu mweusi aliweza kutundikwa juu ya mti na kundi la watu bila hakimu kuuliza. Kaskazini viwanda vilikosa wafanyakazi juu vita ilizuia wageni kutoka Ulaya. Gazeti la weusi la Chicago, *Chicago Defender*, liliwaambia waje, na wafanyakazi weusi wa treni walilibeba kwa siri mpaka vijiji vya kusini, likasomwa kwa sauti kwa wasiojua kusoma. Armstrong alipanda treni hiyo Agosti 1922 kwenda kwa King Oliver Chicago, na mama yake alimufungia samaki ndani ya mkate, juu kwenye treni za kusini mutu mweusi hakuruhusiwa kukaa kula na wengine. Mufikirie kijana anayekuja kubadilisha muziki ya dunia nzima, amekaa kwenye behewa la weusi na samaki wake magotini.

Sasa Harlem, mtaa wa weusi mu New York. Cotton Club, klabu ya usiku kwenye kona ya barabara ya 142 na Lenox Avenue, mwenyewe alikuwa jambazi wa pombe Owney Madden. Duke Ellington na orkestra yake alianza kupiga pale Desemba 1927, na redio ikampeleka inchi nzima. Juu ya jukwaa wote weusi. Kwenye meza wazungu. Mutu mweusi wa nyumba ya jirani hakuweza kuingia kununua hata kinywaji kimoja, na ndani walichora mashamba ya pamba kama pambo, yaani wageni waone weusi "kwao". Wasichana wa kucheza walichaguliwa warefu na wa rangi nyeupe-nyeupe. Sisi watu wa huku hatuna haja ya kuelezwa sana, wazee wetu wa wakati ule ule waliingia mji wa Élisabethville (Lubumbashi ya leo) asubuhi kufanya kazi na usiku walipaswa kuwa wamerudi upande wao, cité ya weusi imetengwa na mji wa wazungu kwa uwanja mutupu. Marekani ilikuwa na mwangaza zaidi, na santuri, lakini mupaka wa rangi ulipita katikati ya nyumba.

Kwa hiyo furaha yao wenyewe ilikuwa wapi? Ilikuwa Savoy Ballroom, iliyofunguliwa Machi 1926 mitaa miwili tu kutoka Cotton Club, kubwa sana, majukwaa mawili ya orkestra ili moja ikipumzika ingine inaendelea, na pale mweusi na mzungu waliingia kwa mulango mmoja na kucheza kwenye sakafu moja. Dansi ya Lindy Hop ilikuzwa pale. Na ilikuwa mule nyumbani, mama, hii utaielewa mbio. Kodi ya nyumba Harlem ilikuwa juu kuliko ya wazungu wa mitaa mingine na mushahara chini, sasa siku za kulipa zikikaribia wanachapisha vikaratasi vidogo na maneno ya kuchekesha, wanavigawa njiani, Jumamosi usiku wanasukuma vitanda na meza, wanapika miguu ya nguruwe na wali na maharagi, unalipa senti kidogo mulangoni, na kwenye piano amekaa Fats Waller ao James P. Johnson, mkono wa kushoto unaruka kama miguu ya mutu anayekimbia, wa kulia unaimba. Asubuhi kodi imepatikana. Mshairi Langston Hughes aliviokota vile vikaratasi akavitunza, ndiyo maana leo tunajua viliandikwa nini. Kama unataka kujua Marekani ya jazz, mimi nakwambia kwa moyo wote anzia kwenye kile chumba, Cotton Club utaifika baadaye.

Kijana, commune Kenya (hapa Lubumbashi): *Pombe ilikatazwa kweli? Sasa babo balikunywa nini, ilikuwa kama lutuku yetu?*

Ilikatazwa kweli, toka tarehe 17 Januari 1920 mpaka tarehe 5 Desemba 1933. Sheria ilikataza kutengeneza, kuuza na kusafirisha, haikukataza kunywa ile uliyokuwa nayo nyumbani, kwa hiyo matajiri walijaza stoo zao mbele ya siku ile na wakaendelea bila shida. Muganga aliweza kukuandikia whisky kama dawa, unaenda kuichukua kwa duka la dawa. Padri alipata divai ya misa. Wengine wote walienda kwenye baa za siri, unagonga mulango, jicho linakuangalia kwenye tundu, unataja jina la aliyekutuma.

Na ndiyo, ulinganisho wako na lutuku, pombe kali ya kupikwa nyumbani, uko na maana, juu Wabelgiji nao walikataza lutuku na mama zetu wakaendelea kuipika usiku. Hatari ni ile ile: pombe isiyoangaliwa na mutu. Kule walichukua alkoli ya viwandani wakajaribu kuisafisha, na serikali, ili kuwazuia, ikaamuru itiwe sumu zaidi, watu wakapofuka na wengine wakafa. Jambo hilo mimi sijawahi kulimeza, serikali inajua watu wake watakunywa na inaongeza sumu.

Feza yote ile ikaenda kwa majambazi. Al Capone wa Chicago njo jina unalolijua. Tarehe 14 Februari 1929 watu 7 walipigwa risasi kwenye gereji moja kule Chicago mu vita ya magenge, hakuna aliyehukumiwa kwa hilo, na Capone mwenyewe alihukumiwa 1931 kifungo cha miaka 11 kwa kosa la kutolipa kodi. Wapiga jazz wengi mabosi wao walikuwa watu wa namna hiyo, mushahara ulikuwa muzuri, lakini kuacha kazi haikuwa rahisi.

Dada, Kampemba: *Wanawake wote walikata nywele na kuvaa nguo fupi? Mama mukwe wangu anasema wanawake wa wakati ule ndio walianza kuharibika.*

Si wote, dada. Wale wa picha, nywele fupi za masikioni, gauni inafika magotini, sigara mkononi, walikuwa zaidi wasichana wa mijini wenye kazi ya ofisi ao duka na feza yao wenyewe. Feza ile ndiyo ilibadilisha, gauni ilifuata. Agosti 1920 wanawake walipata haki ya kupiga kura inchi nzima kwa katiba, ila mweusi wa kusini, mwanamke kwa mwanaume, alizuiliwa kwa kodi na mitihani ya uongo miaka mingine zaidi ya 40.

Mwambie mama mukwe habari za hawa. Mamie Smith, 1920, aliimba blues kwenye santuri na ikauzika mpaka makampuni yakatambua kumbe weusi wananunua santuri. Bessie Smith alianza kurekodi 1923 na akawa mwimbaji mweusi anayelipwa zaidi ya wengine, akazunguka inchi na behewa lake mwenyewe la treni, hivyo hakuomba kitanda kwenye hoteli za kumukataa. Lil Hardin alipiga piano kwa King Oliver wakati wanawake kwenye bendi walihesabika, akaolewa na Armstrong 1924, na ni yeye aliyemusukuma atoke kwa Oliver asimame kwa jina lake. Bila Lil sijui tungesikia nini. Josephine Baker, mchezaji dansi na mwimbaji mweusi, alichoka na milango ya kwao, 1925 akaenda Paris, na kule akawa malkia. Mimi sioni kuharibika popote.

Msomaji, Likasi: *Babu alisema Armstrong alifika Élisabethville. Wajukuu tunabishana.*

Babu alisema kweli. Armstrong alifika Léopoldville (Kinshasa ya leo) tarehe 28 Oktoba 1960, watu wakamubeba juu ya kiti na ngoma mbele, na Novemba akaja kupiga hapa Élisabethville, wakati Katanga, jimbo letu chini ya Tshombe, ilikuwa imekwisha kujitenga na Congo toka Julai. Safari ilipangwa na serikali ya Marekani. Na siku zile zile Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Congo, alikuwa amefungiwa nyumbani mwake Léopoldville, Januari 1961 akaletwa huku akauawa. Armstrong hakuwa mutu wa kutumikia tu: 1957 alikataa kutumwa na serikali Umoja wa Kisovieti kwa sababu ya watoto weusi waliozuiliwa mulango wa shule mu mji wa Little Rock, kusini mwa Marekani. Ila 1960 alikuja kwetu kupiga muziki, na waliomutuma walikuwa na mambo mengine mezani. Nampenda Armstrong, na hii bado inanikaa rohoni.

Fundi, Kipushi: *Nipe wimbo mmoja tu wa kuanzia, sina megabaiti za kuchezea.*

"West End Blues" ya Armstrong, Chicago, Juni 1928, dakika tatu na kidogo. Weka ecouteurs. Mwanzoni tarumbeta iko peke yake, hakuna ngoma, hakuna piano, inapanda, inaanguka, inapanda tena mahali ambapo hukudhani iko na njia, yote mu sekunde zisizofika 15, na wapiga tarumbeta wa dunia nzima wamezisoma sekunde zile toka siku hiyo. Kisha Earl Hines kwenye piano, musikilize mkono wake wa kulia. Na kwa sababu uko Kipushi nakuongezea hili: tarumbeta ni shaba iliyochanganywa na zinki, vitu viwili ambavyo ninyi munavijua kuliko mutu yeyote. Ukimaliza tafuta orkestra ya Ellington ya 1927, "Black and Tan Fantasy", uisikilize mpaka mwisho.